Rangi Aliyoivusha Baba Horohoro

Meza ndiyo iliyonichongea. Mwaka juzi nilihama Dar es Salaam kuja kukaa na Mama hapa Tanga, Chumbageni, katika nyumba aliyoijenga marehemu Baba, na katika lori nililokodi kulikuwa na meza ya kulia chakula ya mninga niliyoitengenezesha Keko, viti vyake sita, na kabati la vyombo la mninga huohuo. Fundi wa Keko hakuitia rangi ya aina yoyote, alipiga vanishi tupu, kwa hiyo jua la asubuhi likiingia dirishani unaiona mistari ya mbao inavyotembea: kahawia yenye wekundu kwa mbali, ghafla utepe wa dhahabu, halafu kahawia tena. Tukaiweka sebuleni. Nikarudi nyuma hadi ukutani ili niitazame vizuri, na hapo ndipo nilipoziona fremu za milango.

Nasema nilipoziona kwa sababu nimekulia ndani ya nyumba hii na sikuwahi kuziangalia. Fremu ya mlango haitazamwi. Watu wanapita katikati yake wakiwaza mambo yao. Siku ile zilinikodolea macho. Zilikuwa saba, zote rangi ya maziwa, rangi ya mafuta ya kung'aa iliyokwisha kugeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Milango yenyewe kaka yangu alikwisha kuibadilisha, akaweka ya msaji iliyopigwa vanishi, lakini fremu zimejengewa ukutani na hakuna aliyetaka kubomoa plasta. Juu ya kila moja kulikuwa na misumari miwili ya kushikia waya wa pazia, maana kwetu mlango wa chumba haukamiliki bila pazia, na kuzunguka kila msumari rangi ilikuwa imepasuka na kuchubuka. Kwenye miimo, kimo cha kiuno, kulikuwa na weusi wa mikono ya miaka mingi usiotoka kwa sabuni.

"Fremu hizi zina kasoro, Mama," nikasema.

"Kasoro gani?"

"Haziendani na meza."

Mama akaitazama meza, akazitazama fremu. "Zilizotangulia ni zipi?"

Siku zilizofuata akawa ananipitia tu na methali yake, nyumba njema si mlango, nami nikimjibu kwamba ndiyo maana nashughulika na fremu.

Fundi rangi wa kwanza niliyemwita alikuwa kijana mchangamfu mwenye picha za kazi zake kwenye simu. Hakuhitaji hata kugusa fremu. "Dada, hii ni kazi ya siku mbili," akasema. "Tunapiga kahawia, kisha natembeza kitana juu yake ikiwa mbichi, unapata mistari kama ya mbao, juu tunafunga na vanishi. Mtu hajui." Akanionyesha picha ya geti la chuma lililopakwa hivyo, lenye mistari na hata vinundu vya matawi. Mkono anao, sikatai. Na kwenye chuma kazi ile inapendeza, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ni mchezo. Lakini kuchora mbao juu ya mbao ni jambo lililonishinda kulikubali. Karibu na mninga wa kweli, mistari ile ya kitana ingeumbuka kabla mgeni hajamaliza kuvua viatu.

Isitoshe, hakuna aliyekuwa akijua chini ya rangi kuna nini. Mama alisema mvule. Kaka kwenye simu alisema paini. Njia ya kujua bila kuharibu kitu ni nyepesi sana na sijui kwa nini mafundi hawaitumii: fungua bawaba moja. Nikauegemeza mlango wa chumba changu kwenye kiti, nikatoa skrubu za bawaba ya chini, nikaivuta. Pale inapolala bawaba, mahali patasi ilipochimba mwaka 1987 na brashi haikuwahi kufika, palikuwa na mbao tupu, rangi ya asali. Nikapapitisha kidole chenye maji. Pakakolea, vitundu vidogovidogo vikajitokeza kama vimechomwa kwa sindano. Paini haina vitundu vile.

Ukingoni mwa shimo lile rangi iling'oka kipande kimoja, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nikakipeleka barazani kwenye mwanga, nikakitazama ubavuni. Kilikuwa na matabaka sita: maziwa, maziwa nyingine hafifu zaidi, kijani cha hospitali, buluu ya mbingu, nyeupe, na chini kabisa waridi lililopauka, la praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Nikamwita Mama. Akavaa miwani, akakishika kwa ncha za vidole, akakisoma kama anavyosoma kadi ya kliniki. Maziwa ya juu ni ya harusi ya kaka yangu, 2009. Ya chini yake ilipigwa Baba alipostaafu. Kijani kile hakukipenda tangu siku ya kwanza, ila kilikuwa cha bei nafuu na Baba alikwisha kukileta. Buluu ilikuwa ya Idi, mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Kwenye nyeupe akakawia kidogo.

"Hii ndiyo ya Mombasa," akasema.

Hadithi ya rangi ya Mombasa nilikuwa nimeisikia nusunusu utotoni, kama tunavyosikia hadithi zote za wazazi, tukiwa na hamu ya kwenda kucheza. Safari hii nilikaa chini. Nyumba ilikuwa inamaliziwa mwaka 1987. Miaka michache kabla ya hapo madukani hapakuwa na kitu. Mama anakumbuka kupanga foleni ya sabuni akiwa na mimba. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, haukufunguliwa mpaka 1983, na bidhaa za nje zilianza kuonekana taratibu baada ya serikali kulegeza masharti mwaka 1984. Hata zilipoonekana, rangi ya mafuta nzuri ilikuwa kitu cha mtu mwenye nazo. Baba akaenda Mombasa kumwona shangazi yake aliyekuwa mgonjwa. Akarudi kwa njia ya Horohoro, mpakani, na galoni mbili za rangi nyeupe ya kung'aa ndani ya gunia, kila moja imeviringishwa kwa shuka ili zisigongane. "Shangazi alipona," Mama akasema, "lakini watu waliokuja kutupokea waliuliza kwanza habari za rangi."

Nikamwuliza kwa nini wafunike mbao nzuri namna ile. Akaniangalia kama ninayeuliza kwa nini watu wanavaa nguo.

"Mbao? Mbao zilikuwepo, mwanangu. Huo mvule ulikuja na lori kutoka Muheza, fundi akachagua, mingine akaikataa. Mbao tupu mlangoni ilikuwa ya mtu ambaye nyumba imemshinda kumaliza. Anapita mtu barabarani anachungulia, anasema, hao bado wanajenga."

Nilikuwa nimekuja na fikra kwamba wazazi wetu hawakujua thamani ya kile walichokuwa nacho, wakakifunika, na kwamba mimi na meza yangu tumekuja kuwafunulia. Kumbe mvule ndio uliokuwa wa kawaida na rangi ndiyo iliyokuwa ya kuringia. Leo rangi imejaa kila duka la vifaa vya ujenzi, na mvule ukimwuliza fundi anakwambia uagize, usubiri, na ukija usishangae bei. Kilichokuwa adimu ndicho kilichowekwa juu, wakati ule na sasa. Baba aliivalisha fremu yake nguo ya gharama kuliko zote alizoweza kupata. Mimi nilikuwa najiandaa kuivua kwa sababu ileile.

Nilivua hata hivyo. Sikutaka kuficha hilo.

Lakini kabla ya skrepa kugusa fremu kuna jambo ambalo watu wengi wanalipita, nami nusura nilipite. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, kwa ajili ya rangi yenyewe, kukauka haraka na kudumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Siku hizi kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi ni sehemu 90 katika milioni. Kopo la mwaka 1987 halikuuliza habari za sehemu 90. Na rangi ya namna hiyo ikiwa imetulia ukutani, nzima, imefunikwa na nyingine juu yake, haina shida kubwa. Shida inaanza mtu anapokuja na msasa mkavu na kuigeuza vumbi, au na moto mkali na kuigeuza mvuke.

Sikuwa na kipimo, kwa hiyo nikaamua kuihesabu kuwa ina risasi. Mpwa wangu wa miaka mitatu, ambaye kila kitu lazima akionje, alipelekwa kwa bibi yake mwingine hadi kazi iishe. Tukatandika nailoni sakafuni, tukafunga mlango wa pili wa chumba kwa nailoni nyingine. Barakoa za kichujio, si zile za kitambaa. Msasa mkavu marufuku mpaka rangi iwe imekwisha; palipohitaji kusuguliwa tulitumia msasa wa maji, ukiloweshwa kila mara. Mabaki yote yakaingia kwenye ndoo yenye kifuniko, hayakuchomwa shimoni na majani ya mwembe kama ilivyo desturi ya uani. Yule kijana wangu wa kitana, ambaye nilimrudisha kwa kazi hii baada ya kuahidi hatachora chochote, alikuja na bomba lake la gesi la kubabulia rangi. Nikamwomba alirudishe nyumbani. Akalirudisha, ila kwa siku mbili aliniita "mheshimiwa" badala ya "dada".

Tulitumia dawa ya kutoa rangi, ile inayofanana na uji mzito. Unaipaka nene kwa brashi kuukuu, unafunika na nailoni isikauke, unasubiri. Baada ya robo saa rangi inaanza kufura, kisha inakunjamana kama malai juu ya maziwa yaliyochemka. Hapo unapitisha skrepa kutoka juu kwenda chini na inakuja utepe mzima, mlaini, unaonuka. Tabaka mbili za maziwa zilitoka mara ya kwanza. Kijani kilitoka mara ya pili kikiwa kimechanganyika na buluu, matope tupu. Nyeupe ya Mombasa iligoma. Tuliipaka dawa mara tatu, na mara ya tatu ilitoka vipande vidogovidogo kama maganda ya yai, na fundi akatikisa kichwa akasema, "Hii ilikuwa rangi." Tone moja la dawa ile lilinidondokea kifundoni mwa mkono, nikaliacha nikidhani nitalifuta baadaye. Alama yake ninayo.

Waridi la praima ndilo lililotutesa. Mvule una vitundu vipana, na praima ilikuwa imezama ndani yake miaka yote ile. Ukiparua juu unabaki na mbao yenye vidoa vya waridi elfu. Dawa zaidi, kisha brashi ya waya laini wa shaba, ukifuata mwelekeo wa nyuzi na si kuukata, kisha kitambaa. Yalitoka mengi. Mengine yapo hadi leo kwenye pembe za juu. Ukisimama juu ya kiti utayaona, na mgeni anayesimama juu ya kiti sebuleni kwangu ana mambo yake mengine.

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba changu, waridi lilipotoka, ilijitokeza penseli: mshale mdogo na neno KULIA, kwa herufi kubwa za mtu asiye na haraka. Seremala wa 1987 akijikumbusha bawaba zinakaa upande gani. Nilipiga picha kwa simu, picha ikatoka na ukungu wa dawa kwenye kioo, nikasema nitapiga tena kesho kukiwa na mwanga. Kesho yake nilichelewa sokoni, na niliporudi fundi alikuwa amemaliza kusugua mwimo ule, safi kabisa, akingoja nimsifu. Nilimsifu.

Basi tukawa na fremu tatu uchi: mbili za sebuleni na ya chumba changu. Ya chumba cha Mama tuliiacha iwe ya mwisho tusimsumbue. Nikanunua vanishi ya mafuta, nzuri, nikapiga mwenyewe mkono wa kwanza Ijumaa jioni baada ya magharibi, upepo wa bahari umetulia. Jumamosi ilikuwa inanata. Nikasema ni unyevu, huu ni mji wa bahari. Jumapili inanata. Jumatatu Mama, aliyechoka kukaa katika nyumba isiyo na mapazia, akatundika la sebuleni bila kuniambia, na Jumanne nilipolivuta liling'ang'ania mwimo na kuacha nyuzi zake za maua ya zambarau kuanzia juu mpaka chini, kama ndevu.

Hapo ndipo nilipokwenda Ngamiani kumtafuta mzee mmoja seremala ambaye Baba alikuwa akimtumia. Nilimkuta amekaa nje ya karakana yake, sasa wanafanya kazi wanawe. Shikamoo, marahaba, na habari za nyumbani zikachukua muda wake. Alipofika kwetu hakugusa vanishi. Aliinama akanusa mbao upande ambao haukupakwa.

"Binti yangu, huu ni mvule."

"Ndiyo, Mzee."

"Mvule una mafuta yake. Hautaki ya kuazima."

Akanieleza taratibu, huku kijana wangu akisikiliza bila kujifanya anasikiliza. Ndani ya mvule mna kitu kinachozuia vanishi ya mafuta kukauka. Vanishi ile hukauka kwa kuvuta hewa na kushikana, na mvule unaikatalia. Dawa yake ni kufuta yote kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kufuta tena mbao tupu kwa kitambaa chenye tina safi mpaka kitambaa kisitoke na rangi, kisha palepale kabla mafuta hayajapanda juu upya, kupiga sendingi sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi. Sila hukauka kwa tina yake kuruka hewani tu. Haiombi ruhusa ya mbao. Mikono miwili ya sila, msasa mwembamba kati yake, ndipo vanishi. "Na mkisugua, fungeni pua," akaongeza. "Vumbi la mvule lina ukali." Hilo nilikuwa nimeshalijua, siku ya msasa nilipiga chafya mpaka jirani akaniombea dua juu ya ukuta.

Tulifuata. Vanishi ilikauka usiku mmoja.

Sasa tatizo likawa rangi. Mvule uliotoka kusuguliwa si kahawia ule wa milango ya zamani ya mwambao tunaoupenda sote. Ni njano, njano ya mchuzi uliozidi bizari. Pembeni ya mninga wangu mwekundu na milango ya kaka ya msaji, fremu zilionekana kama za nyumba nyingine. Kijana akasema tutie rangi ya mahogani, ile ya kupenyeza ndani ya mbao, na nikiri kwamba nilishanunua chupa. Nilijaribu juu ya kizingiti, kwa ndani, mahali asipofika mtu. Ikawa wekundu wa tope. Haikufanana na mninga wala mvule, na mbaya zaidi ilikaribia mninga bila kuufikia. Ndiyo siku niliyojifunza kitu ambacho nadhani kinatosha mtu kukijua katika shughuli yote hii ya kulinganisha mbao. Mbao mbili tofauti zikikaa pamoja wazi, jicho linazikubali kama ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Lakini mbao iliyopakwa ili ifanane na nyingine, ikakosea kidogo, jicho haliachi kulitazama hilo kosa.

Mzee wa Ngamiani nilipompigia simu alicheka. "Usiupake umri. Utazeeka wenyewe." Mvule hukolea kwa mwanga. Sikumwamini sana, kwa hiyo nikabandika ukanda wa karatasi ngumu kwenye mwimo unaotazama dirisha, upana wa vidole viwili, nikauacha. Baada ya wiki sita nikaubandua. Chini yake kulikuwa na mstari wa njano ileile ya bizari, umenyooka kama umechorwa kwa rula, na pande zote mbili mbao imekwisha kuwa ya asali iliyokolea, inaelekea kahawia. Mstari ule ulichukua miezi mingine kupotea na nilikuwa nikiuonyesha kwa kila mgeni.

Kilichobaki kulinganisha ni mng'ao, na hapa nina msimamo. Watu wanahangaika na rangi ya mbao wakati kinachogombana chumbani ni mng'ao. Meza yangu ina mng'ao wa nusu, kama ngozi iliyopakwa mafuta kidogo. Ningepiga fremu vanishi ya kung'aa kama kioo, hata kama mbao zingekuwa za mti mmoja zisingekaa pamoja. Tukapiga ya nusu mng'ao, na ule mchanganyiko wa mninga, msaji na mvule ukatulia.

Fremu nyingine hazina hadithi ndefu. Mbili za upande wa nyuma, jikoni na stoo, ziliongezwa baadaye na ni paini, yenye vinundu, misumari iliyozama na puti kila mahali. Nilijaribu kipande kimoja kwa ile chupa yangu ya mahogani nisiitupe bure. Paini iliinywa huku na kuikataa kule, ikawa na madoadoa kama mtu mwenye mba. Mbao isiyo na cha kuonyesha haina haja ya kuvuliwa. Tukazipiga rangi ileile ya ukuta, isiyong'aa, fremu na ukuta kitu kimoja, na ajabu ni kwamba ukumbi ule mwembamba ulionekana umepanuka. Kama ningekuwa na ushauri mmoja kwa mtu mwenye fremu za paini na samani za mninga, ni huo: ziache fremu zipotee. Usijaribu kuzifanya ziongee.

Ya bafuni ni mvule juu na mti mweupe usiojulikana chini, mahali mchwa walipokula zamani na mtu akaunga kiraka. Mwana wa yule mzee alikikata kiraka akaunga kipya cha msaji, maana msaji unastahimili maji na hapa haupatikani kwa shida. Shamba la serikali la Longuza, Muheza, si mbali. Aliunga kwa mkato wa mshazari, mbao mbili zikilaliana. Kiungo kinaonekana. Niliulizwa kama nakitaka kifichwe kwa puti yenye rangi, nikakataa, na nadhani ni kiungo kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba.

Jambo moja sikulitegemea. Matabaka sita ya rangi si kitu chembamba. Milango ambayo kila masika ilikuwa ikigoma, mpaka uisukume kwa bega, sasa inafunga kwa kidole kimoja, na usiku wa upepo mlango wa chumba changu unagonga kidogo kwenye mwimo, tak, tak, kama mtu mwenye adabu anayeomba kuingia. Tulikata karatasi ngumu tukaiweka nyuma ya bawaba. Ulipunguza. Haukuacha.

Kazi niliyoambiwa ya siku mbili ilikuwa imefika mwezi wa nne ilipobaki fremu moja, ya chumba cha Mama. Nilimwambia Jumatano kwamba Jumamosi tutaanza, ahamie kwangu siku tatu. Akasema sawa. Alhamisi nilikwenda Muheza kwenye msiba, nikarudi jioni, na tangu getini nikasikia harufu ya rangi ya mafuta. Kijana wa kitana alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa Mama na brashi mkononi, Mama amekaa kwenye kiti cha mninga ukumbini, miguu ameinyoosha, akimwonyesha kwa fimbo mahali alipoparuka. Nyeupe. Wala si maziwa: nyeupe, ya kung'aa, taa ya ukumbini inaonekana ndani yake.

"Mama ndiye aliyeniita, dada," kijana akasema bila kugeuka.

"Ya kwangu niachie hivi," Mama akasema. "Zenu mshazimaliza."

Nikamwuliza kijana kama amepiga msasa kwanza, japo wa maji, rangi mpya ishike. Akasema alitaka, lakini Mama alimkataza kuzigusa zile za chini, aliruhusu kuosha kwa sabuni tu. Nikajua kwamba ile nyeupe itakuja kubanduka kabla ya wakati wake, na nikaenda kubadili nguo za msibani.

Kesho yake jioni Mama alitundika pazia lake, lile la maua ya zambarau, kwenye misumari ileile. Halikunata.